Kulungu Mzima

Jumanne, 8 Julai

Kibali kimetoka. Kulungu mmoja, dume, mwisho tarehe thelathini. Kaka amekileta mwenyewe, akakitandaza mezani juu ya mchele niliokuwa nachambua, kama mtu aliyefaulu mtihani. Shule imefungwa wiki tatu, masufuria ya bweni nimeyafunika kifudifudi, sina wa kumpikia ila Mama. Nikasema twende Jumamosi hii hii, tunangoja nini.

Mwaka jana tulitoka mikono mitupu. Askari wa msitu pale kwenye kizuizi alituuliza kama tulikwenda kunyoosha miguu. Kaka alicheka. Mimi sikucheka, na sijasahau.

Jioni wifi kapiga simu. Hakuzunguka. Anasema Kaka akipanda ngazi za ghala kazini siku hizi anahema kama kakimbizwa, na usiku halali chali. "Wifi, wewe anakusikiliza. Mwambie mwaka huu apumzike."

Nimemjibu sawa, nitasema naye.

Ijumaa, 11 Julai

Sijasema naye.

Nimenoa visu viwili, nimekagua kamba. Kaka kaja kuchukua turubai. Nilimtazama akivuka ua — anatembea vizuri tu. Tumbo limeongezeka, basi. Nikajiambia wifi ana hofu, na hofu yake naijua: hata mafua yake mwenyewe huyapeleka hospitali. Mama anasema mwanawe ana nguvu za baba yake. Baba alifariki na miaka hamsini na sita. Kaka ana hamsini na nne. Hesabu hiyo sikumtajia Mama.

Jumamosi, 12 Julai

Tumempata. Vidole vimekakamaa, mwandiko ni wa kuku.

Tuliacha pikapu kizuizini kukipambazuka. Ukungu mzito, majani yanadondosha maji shingoni. Mimi mbele nasoma nyayo, Kaka nyuma na bunduki ya Baba — ndivyo tulivyogawana kazi tangu ujana. Kama saa moja na nusu nikaona sikio. Sikio tu, kati ya majani, linafukuza nzi. Nikanyoosha kidole. Kaka akapiga risasi moja. Kulungu akaruka mara moja, akateremka bondeni, kukawa kimya.

Saa nzima tukimtafuta. Tulimkuta chini kabisa, kando ya kijito, kalalia ubavu. Dume hasa, pembe nene, madoa meupe mapajani. Nilijaribu kumfumba macho. Hayafumbiki, najua, lakini huwa najaribu.

Nikamtoa matumbo, nikamwosha kwa maji ya kijito. Hapo ndipo Kaka aliposema tumkate. Mapaja, mikono, kichwa — kibali kinataka tuonyeshe kichwa tu kizuizini. Tungekwenda na kurudi mara mbili, taratibu. "Kupanda huku ni kubaya," alisema. Alikuwa anautazama mteremko, si mimi.

Nikakataa. Nikasema anatoka mzima. Nikasema Baba hakupita kizuizini hata siku moja na vipande kwenye gunia. Kaka akainua mabega, akaenda kukata mti wa kubebea.

Ndiyo hayo. Nayaandika ili yawepo mahali.

Tulimfunga miguu minne mtini, kichwa kinaning'inia. Kaka akachukua nyuma. Ukipanda, uzito wote unakwenda nyuma, anajua na najua. Kulungu anayumba, kila hatua mti unakusukuma pembeni, unaingia kwenye nyama ya bega. Udongo mwekundu umelowa, unateleza kama sabuni. Tukienda hatua ishirini tunatua.

Kisha tukawa tunatua kila hatua kumi. Kisha yeye ndiye akawa anasema tutue.

Mara moja nikageuka nikamkuta kakaa chini, mgongo kwenye mti, kashika taya. Nikamuuliza jino? Akasema hapana. Kifua kimembana, na mkono huu wa kushoto umekufa ganzi, mti ulimkandamiza vibaya. Gesi, anasema, alikunywa chai bila kutia kitu tumboni. Jasho linamtiririka, na kulikuwa na baridi ya kung'ata. Nikampa pipi ya tangawizi. Nikamwambia wifi kamlisha mpaka hawezi kubeba mbuzi. Akacheka kidogo. Halafu akaenda nyuma ya mti akatapika.

Aliporudi alisema kapata nafuu. Alisema pia, kwa sauti ya chini, "Tumwache hapa nusu njia, nitarudi Jumatatu na mtu." Nikasema nyama haitangoja Jumatatu. Tukamfungua kulungu kutoka mtini, nikamlaza juu ya turubai, nikajifunga kamba kiunoni nikaanza kuvuta. Kaka alisukuma kwa nyuma. Nadhani alisukuma. Sehemu fulani nilihisi navuta peke yangu, na nilikasirika — nilikasirika kweli, nikamwambia asiniachie kazi.

Tulifika saa tisa. Askari yule yule. Akamning'iniza kulungu kwenye mizani: kilo hamsini na moja. Akatikisa kichwa, akaita mwenzake aje aone. "Mwaka huu mama umefanya kazi ya wanaume wanne." Nikapigwa picha nimeshika pembe. Kaka alikuwa ameshaingia garini. Askari akauliza kama mzee yu salama. Nikasema amechoka tu.

Niliendesha mimi. Tulipoingia barabara ya lami akanigeukia. "Usimwambie mama watoto. Atanifungia ndani." Nikasema sitasema.

Jumapili, 13 Julai

Nimekatakata toka asubuhi. Meza ya jikoni, msumeno, makarai matatu. Nyama nzuri, nyekundu, haina mafuta. Mama kakaa kwenye stuli yake, amekula ini lote peke yake na anataka figo. Kauliza nani alibeba nyuma. Nikasema Kaka. "Kama baba yake," akasema, akaendelea kutafuna.

Mafungu ya Kaka yako kwenye jokofu. Alisema atakuja saa nne. Hakuja. Wifi katuma ujumbe: kalala tangu jana, anasema misuli. Mlifanya nini huko?

Nikajibu: Kulungu alikuwa mkubwa.

Bega langu limevimba. Nimefurahi linauma.

Jumatatu, 14 Julai

Kaka kaenda kazini. Basi, yamekwisha.

Nilipita ghalani mchana na paja lililofungwa kwenye gazeti. Alikuwa amekaa kwenye mzani wa mbao, wenzake wanapakia. Rangi imemtoka, uso kama jivu. Nikamuuliza kifua. Akasema kimya, hawa watasikia. Nikamuuliza tena. Akasema kinakuja na kwenda. Nikamwambia aende akapimwe. Akasema, ataenda akasemeje? Kwamba alishindwa kubeba mnyama ambaye dada yake alimvuta kwa kiuno?

Hakusema kwa ubaya. Alitabasamu. Lakini alisema.

Jumatano, 16 Julai

Wifi kanipigia saa mbili asubuhi. Kaka kaanguka bafuni.

Hospitali ya wilaya. Wadi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka mlangoni, dirisha lina kioo kilichopasuka na kuzibwa kwa plasta. Dripu. Mpira wa hewa puani. Nyaya kifuani, zimebandikwa kwenye nywele nyeupe ambazo sikujua anazo. Miguu imetokeza nje ya shuka. Kisigino cha kulia bado kina udongo mwekundu kwenye ufa. Kaoga mara ngapi tangu Jumamosi, na bado upo.

Daktari ni mwanamke mdogo, mfupi, anaongea haraka lakini anakutazama. Anasema ni moyo. Mshipa umeziba. Akamuuliza Kaka maumivu yalianza lini. Kaka akasema, "Leo." Akauliza: leo asubuhi? Kabla ya hapo hakuna? Kaka akasema hakuna. Alikuwa ananitazama mimi, juu ya bega la daktari.

Daktari akaandika.

Wifi alikuwa upande wa pili wa kitanda, kashika ule mkono usio na sindano, anaupapasa kama anatafuta kitu kimepotea ndani yake. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa daktari. Hatua mbili. Nikanyoosha shuka iliyokuwa haijakunjamana.

Nimerudi nyumbani kumpa Mama chakula. Kauliza mwanangu ana nini. Nimesema presha.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika hapa hapa kwenye benchi la nje ya wadi. Mama kabaki na jirani.

Usiku hakuwa vizuri, nesi kasema. Mapafu yanajaa maji. Saa tatu daktari akatoka na karatasi ndefu ya kipimo cha moyo, akaikunjua mbele yetu kama fundi cherehani anavyokunjua kitambaa. Anasema haielewi. Mgonjwa anasema jana, damu na hiki kipimo vinasema si jana. Jeraha la moyo lina siku kadhaa. Wanataka kumpeleka hospitali kubwa, lakini daktari wa huko kwenye simu anauliza swali moja: lilianza lini? Likiwa jipya watafanya hivi, likiwa la siku nyingi watafanya vile, na wakikosea wanaweza kumdhuru.

"Yeye hana nguvu ya kuongea tena," akasema. "Kuna mtu alikuwa naye siku za karibuni akifanya kazi nzito?"

Wifi akasema, "Ghalani habebi kitu, anaandika tu." Nikaona linamfikia. Polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Akageuza kichwa.

Nikasema Jumamosi. Nikasema kama saa nne na nusu asubuhi, tukipanda. Kifua, taya, mkono wa kushoto, kutapika. Daktari akaniuliza ilichukua muda gani. Nikasema haikuisha, alikuwa anapumzika tukaendelea. Mlibeba nini? Kulungu. Kilo ngapi? Nikamwambia. Aliandika hata kilo. Akasema ahsante, akarudi ndani karibu kukimbia.

Wifi hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa nafasi mbili kutoka kwangu, mfuko wa nguo za Kaka mapajani, akawa anatazama sakafu ilipopigwa deki nusu. Akasema, "Jumapili nilikuuliza."

Nikasema ndiyo.

"Ukaniambia kulungu alikuwa mkubwa."

Nikamwambia Kaka ndiye aliyeomba nisiseme. Lilipotoka mdomoni nikasikia linavyonuka. Wifi akatikisa kichwa, kama mtu anayekubali bei asiyoitaka. Akasema anamjua mume wake, angeomba hivyo hata kwa malaika. Akasema haniulizi juu yake. Ananiuliza juu yangu.

Nilimwambia Kaka alitaka tumkate kulungu vipande. Sijui kwa nini nilimwambia hilo, hakuna aliyeniuliza. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyetaka atoke mzima. Wifi akafumba macho, akakaa hivyo.

*

Saa saba na nusu.

Wamemtoa. Kitanda cha magurudumu, manesi wawili, mtungi wa hewa umelazwa ubavuni mwake. Tuliambiwa tusogee ukutani. Alipita karibu yangu kiasi cha kumgusa. Macho yalikuwa wazi nusu. Nilisema "Kaka." Vidole vya mkono wa kulia vikasogea juu ya shuka. Labda ni mtikisiko wa kitanda.

Gari la wagonjwa linachukua ndugu mmoja. Sikungoja kuambiwa. Wifi akapanda. Akanipa mfuko wa viatu vya Kaka, kule havina kazi. Kisha akainama mlangoni, karibu na sikio langu, dereva keshawasha gari.

"Kama daktari asingeuliza leo, ungeniambia?"

Nilifungua kinywa. Mlango ukafungwa.

*

Saa tisa kasoro.

Bado niko kwenye benchi. Hakuna sababu ya kuwa hapa, kitanda chake wameshakitandika kwa mtu mwingine. Mfagiaji kaniomba niinue miguu, nikainua, kapita.

Nimejaribu kulijibu lile swali kwa maandishi, humu, ambamo hakuna anayesoma. Nimeandika neno moja nikalifuta. Nimeandika jingine nikalifuta. Karatasi imetoboka.

Simu inaita. Ni wifi. Hospitali kubwa ni mwendo wa saa moja, watakuwa wamefika. Anaweza kuwa na habari. Anaweza kuwa anataka jibu tu.

Imekatika.

Inaita tena.