Fundi Aliambiwa Apumzike Kidogo

Shoga, nimetoka kwenye mkutano wa zahanati na hasira zangu.

Unajua mratibu wa mradi alivyonituma nizunguke nyumba kwa nyumba kuwaita akina mama, waje waseme chumba kipya cha kujifungulia kiweje. Wametembea tangu alfajiri, wengine na watoto mgongoni. Mama mkwe akasimama, akasema mlango usitazame benchi wanapokaa wanaume, maana aibu hiyo ndiyo inawafanya wanawake wazalie nyumbani.

Mratibu anaitikia kwa kichwa. "Maoni mazuri sana, mama."

Huko nje nyundo inagonga mpaka hatusikilizani. Basi akamwambia dereva wake, "Hebu kamwambie fundi apumzike kidogo, tunakusanya maoni."

Fundi gani tena? Nikachungulia dirishani. Nyuma ya ofisi kuta zimeshasimama, jamaa anapachika mlango wa chumba hichohicho. Na mlango wenyewe unatazama benchi la wanaume.

Apumzike kidogo. Kidogo, shoga.

Namuuliza mratibu, ananijibu eti ramani ilishapitishwa, ila maoni yetu "yatathaminiwa". Tumefanywa watoto wadogo.

Tulipofika kwake, mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, siku nyingine wakikutuma, mlango wangu uuruke."