Utomvu wa Mti Namba Arobaini na Moja

Tarehe 3 Februari

Kaka mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, maana hapa kazini viti ni viwili na vyote vimekaliwa na miche. Hujambo? Kifua kimepoa? Mama ni mzima, goti tu ndilo linalomsumbua asubuhi, na anasema uache kulala madirisha wazi.

Nimepata kazi! Ile bustani ya mimea nyuma ya hospitali imenichukua. Niko nyumba ya vioo, ndani kuna joto na unyevu kama mdomoni mwa ng'ombe. Mkuu wangu ni mzee tunayemwita Babu Glavu, kwa sababu havui glavu hata akinywa chai. Hanilazimishi kuongea. Siku ya kwanza aliniambia, "Mimea haipendi makelele, mjukuu wangu. Umekuja pazuri."

Kila mmea una kibao cha bati chenye namba. Ninaouogopa ni namba arobaini na moja. Una majani mapana, mazuri, huwezi kudhani ni ndugu wa mnyaa, lakini ukiukata unamwaga maziwa makali kuliko ya mnyaa mara kumi. Hayaumi papo hapo. Mtu hujifuta jasho, huenda zake, na baada ya nusu saa macho yanawaka moto. Wapo waliopofuka. Kwa hiyo anayeona tone la maziwa lazima apige kelele, "Mikono chini!" na kila mtu hushusha mikono, hata aliye mbali. Hata mimi napiga kelele, Kaka!

Kuna tajiri anakitaka kiwanja hiki ajenge maduka. Mahakama ilimwambia kisiguswe maadamu mimea ya nyumba ya vioo iko hai, kwa kuwa mingine haioti tena popote. Babu hucheka: "Basi sisi tumwagilie tu."

Mdogo wako


Tarehe 14 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikacheka mara tatu. Mimi sijambo, kifua kimenyamaza. Mama mpe pole ya goti, mwambie madirisha nayafunga. (Usimwambie kwamba chumba hakina dirisha.)

Kumbe unapiga kelele! Wewe uliyeshindwa kumwambia mwalimu kwamba amekalia daftari lako. Kweli dunia imekwisha.

Huku ujenzi unasuasua. Asubuhi tunapanga mstari, nyapara anahesabu vichwa, wanaozidi wanarudishwa. Lakini safari hii amenitazama kwa jicho zuri. Kuna kazi ya siku moja huko kwenu, tutaletwa kwa lori, na watakaoifanya vizuri wataandikwa kazi ya kudumu. Miaka mitatu nimekuwa kibarua, Chiriku. Nimechoka kuhesabiwa kama mbuzi.

Nikija nitapita nyumbani. Ni siku gani huendi kazini? Niambie bila kukosea. Nataka nikukute kwa mama.

Kaka yako


Tarehe 21 Februari

Kaka,

Umetuchekesha, ila nilipofika pale pa dirisha nilisahau kuruka, nikasoma kwa sauti. Mama amenuna mpaka jioni. Zaidi ya hapo ni mzima, nami ni mzima.

Jumamosi siendi kabisa. Hiyo ni zamu ya mama wa miche, mwenzangu. Njoo Jumamosi yoyote. Mama amekwisha kufua shuka yako, na haambiwi kitu.

Mdogo wako


Tarehe 11 Machi

Kaka,

Sijui nianze na salamu gani. Mama ni mzima. Mimi nimeshonwa mkono tu. Wewe je, hujambo? Tulikungoja.

Jumamosi mama wa miche alimpeleka mwanawe hospitali, nikaenda kumshikia zamu. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeingia chini ya meza navuta mpira wa maji, nikasikia lori linarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Babu akasema, "Nani kaagiza mbolea?" Kisha kioo cha kwanza kikaanguka.

Walikuwa saba au wanane, vitambaa usoni, nondo na mapanga mikononi. Hawakuiba kitu. Walikuja kuua. Walipiga vioo vya juu, vikawa vinashuka kama mvua yenye meno. Mmoja alikuwa anasoma vibao: "Huu, huu, na huu. Ng'oeni na mizizi!" Babu akasimama mbele ya meza ya maua ya okidi akatandaza mikono yake. Akasema, "Wanangu, hivi vimewakosea nini?" Mwenye nondo akamjibu, "Toka mzee, wewe si jani." Hakutoka. Akapigwa goti. Niliusikia mfupa, Kaka. Akapigwa kichwani akiwa tayari chini, mara tatu, na kila pigo lilikuwa na sauti yake.

Mimi nilikuwa hatua nne tu. Nilijiuma mkono nisilie, mpaka meno yakakutana. Ndio huo ulioshonwa.

Kulikuwa na mmoja mwembamba aliyekuwa anaukata namba arobaini na moja. Kila panga likishuka, maziwa yalimrukia viganjani. Akapumzika, akajifuta paji la uso, kisha macho. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kusema "Mikono chini!" Sikusema. Nilimwacha ajifute. Nilitaka yamuunguze.

Baada ya dakika ishirini waliondoka. Babu amelazwa, hajafumbua macho. Mpelelezi anasema shahidi ni mimi peke yangu, lakini nikiwa mbele yake natazama sakafu. Nimemwambia niliona miguu tu.

Kwa nini hukuja?

Mdogo wako


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Pole sana, na pole kwa mzee wenu. Mungu amekunusuru. Mkono unaendeleaje? Mwandiko huu si wangu, ni wa rafiki yangu tunayekaa chumba kimoja. Mimi nasema, yeye anaandika.

Macho yananitesa. Chokaa ya ujenzi iliniingia. Mwanzo haikuuma hata kidogo, ilianza kama nusu saa baadaye tukiwa njiani kurudi, nikadhani mtu kanitia pilipili. Sasa kope zimevimba zimefunga, na nikizifungua kwa vidole naona ukungu mweupe. Daktari ananitibu chokaa. Usimwambie mama.

Lakini wewe, mbona ulikwenda? Ulisema Jumamosi huendi kabisa. Uliniandikia mwenyewe! Huyo mama wa miche hakuwa na mtu mwingine wa kumwita?

Kaka yako


Tarehe 23 Machi

UKURASA WA KWANZA

Ndugu unayemsomea kaka yangu, pokea heshima zangu. Kabla hujamsomea lolote, nakuomba umpelekee daktari ukurasa huu. Hiyo si chokaa. Chokaa huunguza papo hapo. Huo ni utomvu wa mti wa jamii ya mnyaa, na dawa ya chokaa haitamfaa. Uliingia machoni tarehe tisa Machi, kama saa nne na nusu asubuhi. Najua saa kwa sababu nilikuwepo. Tafadhali kimbia.

UKURASA WA PILI

Kaka,

Babu Glavu alifariki jana. Hakufumbua macho tena.

Kwa hiyo ulikuwa wewe. Nilitazama miguu yako dakika ishirini nisiijue. Ulipouliza siku yangu ya kupumzika, mama alifua shuka.

Najua hukumpiga. Wewe ulishika panga, nondo ilikuwa kwa mwingine. Lakini uliendelea kukata huku mzee anauawa nyuma yako. Hukugeuka hata mara moja. Hilo nililiona vizuri sana, kwa sababu nilikuwa naomba mmoja wenu ageuke.

Ningepiga kelele, leo ungekuwa unaona. Silali kwa ajili ya hilo. Nililiwaza juu ya mtu nisiyemjua, na hata hivyo lilikuwa baya.

Mpelelezi atarudi wiki ijayo. Nenda kwake kabla yangu, Kaka. Mtaje nyapara, umtaje aliyemtuma nyapara. Nakusihi.

Mdogo wako


Tarehe 1 Aprili

Chiriku,

Hii naandika mwenyewe, kidole kimoja kinanionyesha mstari. Maneno yakipandana nivumilie. Siwezi kumtamkia mtu mwingine haya.

Daktari alipata ukurasa wako. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona mwanga na vivuli, na anasema bila wewe hata hilo lingekwenda. Asante.

Sikumgusa mzee, naapa. Tuliambiwa tunakwenda kukata mimea, basi. Nilipojua ni kwenu nilimwomba nyapara iwe Jumamosi. Mimi ndiye niliyeichagua Jumamosi, kwa ajili yako! Mzee alipoanza kupigwa niliogopa kwamba nikigeuka nitafuata mimi. Nikawa nakata tu.

Mtaje nyapara, sawa. Mtaje mwenye nondo. Mimi niache. Kipofu gerezani atageuzwa nini? Atakula chakula cha nani, nani atamwachia? Mama ana watoto wawili tu. Uliona miguu, sema miguu. Hujawahi kusema sana maishani mwako, mdogo wangu. Usianzie kwangu.

Kaka yako


Tarehe 8 Juni

Kaka,

Nimeambiwa barua zinazoingia gerezani husomwa kwanza na askari, kwa hiyo namsalimu na yeye. Hujambo? Jicho la kulia linaendeleaje? Tafadhali mtu akujibie hayo mawili, hata kama hutaki kunijibu mengine.

Mama hana ugonjwa, ila anakula kidogo. Hajanisemesha tangu siku ya mahakama. Jana nilikuta chai yangu mezani imefunikwa kwa sahani. Sijui kama ni msamaha au ni mazoea. Niliinywa.

Kiwanja hakijaguswa. Mimea ishirini na mitatu imeshika mizizi upya, na mama wa miche ananifundisha kuunganisha mashina.

Nataka ulijue la mahakamani kutoka kwangu, kwa sababu sina hakika uliambiwa vizuri. Walipoita jina langu nilijibu kwa sauti ndogo mno, karani akaniambia nirudie mara tatu, na nyapara akacheka. Wakili wake akasimama akasema, "Binti, tusipotezeane muda. Wewe uliona miguu tu, au siyo?"

Nikasema siyo.

Nikasema yote. Nilisema kila pigo lilipotua. Nilitoa barua zako zote, nikaeleza aliyekuwa anaukata ule mti ni nani kwangu, na Jumamosi ilichaguliwaje. Nilisema pia kwamba hukumpiga, na kwamba mimi nilinyamaza. Hakuna aliyeniambia nirudie.

Wewe ulikuwa umekaa mwisho wa benchi la washtakiwa, umeinama. Nilipofika kati uliinua kichwa, ukakigeuza huku, ukakigeuza kule, kama mtu anayetafuta nani anasema kwa sauti ile. Kisha ukamuuliza kitu askari aliyekuwa kando yako. Sikuona kama alikujibu.

Ni mimi, Kaka.

Mdogo wako