Wageni Wanne wa Jumamosi

Baba watoto,

Nimerudi mara moja kuchukua kofia, nimekuta mmeshatoka. Chai iko kwenye chupa. Maharage yameiva, yatie chumvi tu. Nguo ziingizeni ndani mapema, wingu lile silielewi.

Asubuhi niliondoka bila kuaga kwa sababu ulinichoma. Nilikuwa nawapangia wageni wangu safari, leo pangoni, kesho kwenye maporomoko, binti yetu akauliza kama maji ya kule ni ya baridi. Ukamjibu, "Tusubiri wageni warudi watuambie." Mkacheka wote, hata mama yako!

Nilinuna njia nzima. Halafu nikaona umesema kweli. Miaka kumi na mmoja nawatembeza watu kisiwa hiki, na nyinyi hata pangoni hamjafika.

~~Jumamosi msinisubiri, nina kazi.~~

Jumamosi nina wageni wanne, wote mara yao ya kwanza: wewe, mama na watoto wawili. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, mlangoni, viatu vya kufunga. Nimeshawaandika kwenye daftari la kazi, hakuna kughairi.

Na wewe mwenye mdomo, kule kwenye maporomoko utatangulia kuingia majini. Sisi tutasubiri utuambie.

Mama watoto