Mke Mwenzangu Ananiogopa

Mwanangu Nyamizi,

Sijui kama barua hufika huko uliko, lakini nina la kusema na hapa Sikonge sina wa kumwambia. Baba yako yuko porini na mizinga yake, hatarudi mpaka amalize kurina asali.

Nimechoka, mwanangu. Wewe nilikulea nikiwa na magoti. Siku hizi nikitaka kuinama kwenye jembe, nayaomba magoti ruhusa kwanza.

Unakumbuka Kalunde wako alivyokuwa akiniita mke mwenzake? Hata meno hajamaliza kuota, ananiambia, "Wewe mzee, mume wetu hakutaki, anapenda ugali wangu!" Namjibu, "Ugali gani, mabonge matupu!" Nawe unajifanya umekasirika, huku mabega yanakutetemeka kwa kicheko. Ukishika fimbo, anakuja mbio mgongoni kwangu, nami nakufokea, "Mguse uone!" Kazi yangu ilikuwa hiyo. Ya fimbo ilikuwa yako.

Ukafa, Nyamizi. Mumeo alikuwa ameshakwenda na manamba kukata mkonge Tanga, na mpaka leo kimya. Basi Kalunde na mdogo wake Mihayo wakabaki kwangu, na fimbo nayo ikabaki kwangu.

Majuzi Kalunde alizubaa, mbuzi wakaingia kwenye mihogo ya jirani. Weee, nilimchapa! Alianza kukimbilia mgongoni kwangu kama alivyozoea, akakumbuka mwenye fimbo ni nani, akasimama katikati ya uwanja. Hakulia. Niliyelia ni mimi, jikoni, nikasingizia moshi. Tangu hapo hanitanii tena. Ananiamkia "Shikamoo bibi", macho chini, kama mimi ni mke wa mchungaji. Inaniuma kuliko magoti.

Sasa dada wa mumeo, yule anayekaa Ipuli pale Tabora mjini, ameniletea ujumbe kwamba niwapeleke wote wawili, mimi nipumzike. Nikasema ahsante Mungu. Awachape yeye, mimi nirudie ubibi wangu, wakija kunitembelea tutaniane mpaka tuchoke. Nikaanza hata kufua nguo zao za safari.

Jana tukipepeta mtama nikamweleza Kalunde. Nilitegemea afurahi, jamani, mjini! Aliendelea kupepeta. Kisha akauliza polepole, "Na shangazi akinichapa, nitakukimbiliaje, bibi? Tabora ni mbali."

Umesikia hayo? Pamoja na fimbo yangu yote ile, bado wa kukimbiliwa ni mimi.

Nimemtumia wifi yako salamu na shukrani, nikamwambia wanabaki. Usidhani nimepata nguvu mpya, mwanangu, sijapata. Hapa ninapoandika mgongo unawaka, na Mihayo ameshamwaga maji ya kunywa. Lakini wanabaki.

Mungu akulaze pema.

Mimi mama yako, bibi yao.