Fungu la Aliye Njiani

Uswidi, mwezi wa kumi

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena ya mjukuu wako Zaina, na ya mkweo ambaye sasa hivi amelala kwenye kochi na viatu miguuni, ametoka zamu ya kuendesha basi. Sisi, kama mnavyosema huko nyumbani, niwedi, wazima kabisa. Je, wewe? Goti linakusumbua bado ukishuka bondeni? Maharage yameshika? Mvua zimeanza, au mnaangalia tu mawingu yakipita kwenda kwa wenzenu?

Barua hii naituma kwa dada mmoja wa Tanga anayekuja likizo. Atamwachia kaka dukani kwake Lushoto mjini, naye akipanda Mlalo atakusomea. Mwambie asome polepole, asirukeruke kama alivyokuwa anasoma barua za baba. Ningekupigia simu, lakini simu yako ukiishika lazima utoke nje usimame kwenye ukuta wa jiko, upepo unavuma, neno moja linafika na mawili yanabaki mlimani. Ninayotaka kukuambia leo hayafai kufika nusu.

Huku baridi imeanza. Ile baridi ya Mlalo ya mwezi wa saba niliyokuwa naililia, sasa naicheka. Natoka nyumbani giza, narudi giza. Kazi ni ileile, nawaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa. Mgongo unauma, lakini nafsi inauma zaidi, maana kila ninapomvisha bibi wa watu soksi nakuwaza wewe, nani anakuvisha. Basi, tuyaache hayo.

Mama, unakumbuka ulichosema Idi iliyopita? Zaina alikusalimia, papo hapo akanipa simu. Ukacheka kidogo, ukasema, "Mwache mtoto wa watu. Yeye mgeni kwangu, na mimi mgeni kwake." Ulisema kama utani. Mimi sikulala vizuri siku nyingi. Nilijiuliza, hivi nimeondoka kwenda kutafuta maisha, au nimekwenda kumpoteza mtoto? Maana mtoto asiyemjua bibi yake, hata akijua lugha kumi, ana nini?

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita mwalimu wao aliwaambia kila mtoto alete chakula cha kwao, aje na mzazi mmoja, wale pamoja darasani. Akasisitiza kiwe rahisi, kisimchoshe mtu, lakini kiwe na maana kwao, na mtoto mwenyewe aieleze hiyo maana.

Mimi mwanao nikaruka juu. Pilau! Nikaanza kuhesabu mdalasini, iliki, nyama ya mbuzi nitaipata wapi. Zaina akakaa mezani anazungusha penseli. Akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha kuchechemea, "Mama, pilau si ya kwetu. Mimi nataka kile cha jikoni. Kile Bibi alinikataza."

Nikamwuliza, Bibi alikukataza nini? Wewe umkataze mjukuu chakula?

Ndipo akanieleza. Mwaka juzi tulipokuja, si unakumbuka ulivyotutandikia mkeka chumba cha mbele? Wali kila siku. Kuku leo, kuku kesho, soda juu. Watoto wa kaka wamo jikoni, wamezunguka chungu cha makande, wanacheka, wanagombea. Zaina anawasikia. Akainuka mara moja akaenda mpaka mlango wa jiko. Wewe ukamwambia, "Rudi mbele mwanangu, huku kuna moshi." Akarudi. Akarudi akala kuku wake, Mama, na kwa miaka miwili yote hiyo amekaa na hilo jambo moyoni. Alidhani wale wa jikoni ndio wajukuu zako, yeye ni mtu wa kupita.

Wewe ulimheshimu. Mimi najua, na kila Msambaa anajua, mgeni hapewi makande. Ukimpa mgeni makande, kesho kijiji kizima kinakusema. Lakini mtoto hakuijua desturi, alichokiona yeye ni mlango.

Basi siku ile alipokupigia mwenyewe, ukadhani kuna msiba ukaanza kupiga kelele "Nani? Nani amekufa?", alikuwa anataka kukuuliza makande yanapikwaje. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeziba mdomo kwa kanga. Ukamwambia achambue maharage, jiwe moja linavunja jino la mtu mzima. Mahindi yakobolewe, yalowekwe yalale. Chumvi isiingie mapema, maharage yatagoma. Halafu ukamwambia lile la mwisho, nalo lilifika lote bila kukatika: "Na chungu hakikombwi. Kabla hujapakua, toa fungu la aliye njiani, ufunike. Asipofika, asubuhi wanalila watoto wa nyumbani. Watoto wa nyumbani tu." Alipokata simu akaniuliza, "Mama, mimi ni mtoto wa nyumbani?" Nikamjibu, sasa wewe unadhani ni wa wapi? Nikaenda bafuni nikalia.

Mahindi meupe makavu niliyapata kwenye duka la watu wa Amerika ya Kusini, yameshakobolewa, nikaepukana na kinu. Tulibandika Jumapili asubuhi. Jiko la umeme halina moshi wala kuni za kusukuma, lakini Zaina alikataa kutoka pale, alivuta kiti akakaa analinda sufuria. Kitunguu, nyanya, karoti, basi. Yakanukia mpaka jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye salamu kwake ni kutikisa kichwa, akachungulia.

Lakini Mama, mimi ni mwanao. Sikuweza. Alfajiri ya Jumatatu, siku yenyewe, niliamka nikapika na pilau, nikaliweka kwenye chombo, nikalificha chini ya mkoba. Nilijisemea, siwezi kuingia mbele ya watu na makande peke yake, aibu ya Usambaa nzima itakuwa juu ya kichwa changu! Tulipofika shuleni nikaanza kulitoa. Zaina akauona mfuniko. Akaniangalia kama unavyoniangalia wewe nikikosea.

"Mama, hilo la nani?"

"La wageni, mwanangu."

"Wageni gani? Hili ni darasa langu."

Nikalirudisha. Mkweo amelila siku tatu, na hajalalamika.

Zamu yake ilipofika alisimama mbele na upawa. Aliwaambia, nami nakutafsiria: "Hiki chakula ni rahisi. Ni mahindi na maharage na maji. Bibi yangu anakibandika asubuhi, halafu anakwenda shamba, na shamba lake limelala kwenye mlima. Jirani yake anapita kumchochelea moto. Kwa hiyo maana yake ni kwamba ukitaka kupika makande lazima upatane na jirani." Wazazi wakacheka. Mimi nilijivuna, nisikudanganye.

Halafu, kabla hajampa mtu yeyote, akachota bakuli moja, akalifunika kwa sahani, akaliweka pembeni. Mtoto mmoja akanung'unika kwamba Zaina anajifichia. Mwalimu akamwuliza, "Zaina, kuna mtu hajafika?"

Akajibu, "Ndiyo. Bibi yangu."

Mwalimu yule, Mungu ambariki, alielewa kwamba umo kwenye basi unakuja. Akavuta kiti. Akakiweka mbele ya lile bakuli, na kijiko, na kitambaa cha karatasi kilichokunjwa vizuri. Akatuambia tuanze, Bibi atatukuta. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, vyote vikaja pamoja nikakohoa. Nilimfuata baadaye nikamweleza kwamba uko Mlalo, mbali, nyuma ya milima, na kwamba ndivyo tulivyolelewa. Nilidhani atakiondoa kiti. Hakukiondoa. Watoto wakala, wengine wakaongeza, yule aliyenung'unika akaongeza mara mbili, na kiti chako kikakaa hivyohivyo mpaka wakati wa kwenda nyumbani.

Tulirudi na bakuli lako mapajani, limefungwa kwenye kanga. Kesho yake niliamka nikamkuta Zaina jikoni, amesimama, analipasha. Akalila na chai ya rangi. Sikumwomba hata kijiko, ingawa unajua ninavyopenda makande yaliyolala. Aliponiona akasema, "Bibi hakufika. Kwa hiyo ni la kwangu."

Mama, mwezi wa kumi na mbili tunakuja. Tikiti zimeshakatwa. Nakuomba jambo moja, na ukinikatalia nitanuna mbele ya watu. Jogoo mwache awike. Mchele usiununue. Mkeka wa chumba cha mbele ubaki umekunjwa. Tukishuka kwenye gari hatutapita mlango wa mbele, tutazunguka nyuma, kwenye moshi. Wakikusema kijijini, waambie Saumu ndiye aliyetaka.

Nisalimie kaka, na wifi yangu anayekusaidia maji, mwambie hongea sana, asante, hilo goti lako analibeba yeye. Msalimie shangazi muuza kabichi sokoni, asinitunzie lililooza kama mara ile. Nisalimie jirani yako anayechochea moto, mwambie habari zake zimefika mpaka Uswidi, darasa zima linamjua. Na pale kaburini kwa baba, ukienda kupalilia, mwambie sijamsahau.

Karatasi imekwisha, na Zaina ananivuta kalamu, anataka kuandika mwenyewe. Nisamehe mwandiko wake.

Mwanao wa jikoni,
Saumu

Bibi shikamoo. Usikombe chungu. Mimi niko njiani. Zaina.