Betri Karibu na Mlango

Katumba, Mpanda

Mpendwa mdogo wangu Damiano,

Amani ya Kristo iwe kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote huko Rumonge. Natumaini goti lako limepoa na mvua zimewafikia. Sisi tu wazima, ingawa neno hilo naliandika kwa woga, na utaona kwa nini.

Mke wangu Séverine bado anachoma sindano za sukari. Dawa yake haitaki joto, ndiyo maana binti yetu Scolastica, anayefundisha Mpanda mjini, alituletea friji ndogo na sola. Aliyefunga ni fundi Danford wa Kashaulili. Aliiweka betri stoo, chini kidogo ya inveta inayogeuza umeme wa betri uwe wa friji, akaziunganisha kwa waya mfupi mnene kama kidole gumba. Nilimuuliza waya wa namna hiyo wa nini kwa friji ndogo. Alinieleza kwa subira kwamba betri ni ya volti kumi na mbili tu, kwa hiyo inveta ya wati elfu moja na mia tano, ikipewa kazi yote, huvuta ampia mia moja ishirini na tano, na kidogo zaidi kwa zile zinazopotea njiani. Waya mwembamba haubebi mzigo huo, utachemka. Na ile fyuzi ya mia moja hamsini aliyoibana kwenye betri, alisema, inalinda waya, si friji. Ukibadilisha waya, badilisha na fyuzi. Nilielewa, Damiano. Nataka ujue kwamba nilielewa.

Jumapili moja, baada ya misa, Scolastica alikuja kututembelea, akachomeka pasi anyooshe nguo zake za kazi. Séverine alikuwa amejilaza chumbani, maana siku hizi miguu inamvimba na hasimami bila kushikwa. Wakati huo betri haikuwa stoo tena. Ilikuwa sebuleni karibu na mlango, na waya wake ulipita nyuma ya kitanda chetu kuifuata inveta. Ilifikaje huko, nitakuambia. Inveta ikaanza kulia kama kifaranga. Niliipuuza. Kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua.

Nilipoingia chumbani, chandarua kilikuwa na tundu jeusi karibu na kichwa cha Séverine, na tundu lilikuwa linatanuka. Waya ulikuwa umelainika, na pale ulipoungwa palikuwa pekundu. Unakumbuka nyasi za paa letu zilivyoshika moto mwaka ule wa sabini na mbili, tulipokimbia Burundi. Harufu haikuwa ile, lakini mimi sikuona tofauti. Nilikimbilia mlangoni, nikauchomoa waya kwenye betri kwa koti langu, cheche zikanirukia mkononi. Scolastica alimbeba mama yake mgongoni hadi uani, kisha akarudi kumwagia kitanda maji.

Moto ulipozimika alimpigia Danford simu. Alimwita tapeli na maneno mengine ambayo mwalimu hawafundishi watoto. Kesho yake Danford alifika na pikipiki yake, akasimama mlangoni akiangalia, halafu akatabasamu.

“Mzee, betri yangu ilichoka kukaa stoo, ikaja kupunga upepo?”

Scolastica alimwambia asilete utani juu ya kichwa cha mama yake. Danford aliacha utani. Aliuokota ule waya, akasema haubebi hata ampia sitini, na kwamba fyuzi ya mia moja hamsini ingeutazama ukiteketeza nyumba yote, yenyewe ikabaki nzima. Akaapa kwamba hakuufunga yeye. Scolastica akataka kujua ni nani basi. Niliinama kukunja chandarua kilichoungua. Niliogopa kuliko nilivyouogopa moto.

Ndipo Séverine, pale alipokaa kwenye mkeka, akasema bila hata kuniangalia:

“Libérat, siku wakija, utabeba betri au utanibeba mimi?”

Ni mimi, mdogo wangu. Kwenye mnada wa tumbaku watu walinong'ona kwamba wageni wameonekana wakipima mashamba, na kwamba tutahamishwa, kama tulivyoambiwa mwaka ule uliporudi wewe Rumonge. Vyeti vyetu vya uraia vimo sandukuni, lakini unatujua sisi: wazee wengi hapa bado wana furushi karibu na mlango. Nikafikiri dawa inaitegemea betri, basi betri ikae pale ambapo naweza kuitupia kwenye baiskeli tukaondoka. Nilinunua vipande viwili vya waya mwembamba sokoni, nikavisokota kwa mkono, nikafunga tepu. Kumbe wale wapimaji walikuwa watu wa kujenga barabara tu.

Nililisema hilo mbele yao wote, nikamwomba Danford radhi. Aliomba maji ya kunywa, akaanza kazi. Dawa ililala kwenye chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa mpaka alipomaliza. Betri imerudi stoo na waya wake mnene, na safari hii niliomba ifungwe kwa bolti ndani ya saruji ya ukuta. Alinitahadharisha kwamba siku nikitaka kuitoa itabidi ukuta uvunjwe. Nikamwambia akaze.

Bado naogopa. Mchana napapasa kuta kwa kiganja nikitafuta joto. Mahali palipokuwa na betri pamebaki patupu, na patupu hapo pananitisha kuliko waya. Kwa miaka yote hii sikuwahi kukaa katika nyumba isiyo na kitu cha kubebwa mlangoni.

Kwa sababu hiyo nakuomba jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwenye simu. Ile sehemu yangu ya shamba la baba unayonitunzia, mpe mwanao Optatus alime, iwe yake. Sitakuja. Séverine haiwezi safari, na mimi sitamwacha.

Msalimie shemeji, wabusu wajukuu, na ukipita makaburini uwaambie baba na mama niko wapi. Niandikie hata kama umekasirika.

Ni mimi kaka yako,
Libérat