Nilikwenda Kisarawe Kufukua Kitovu

Jumamosi, Kibaha. Mawingu tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Shani amelala kwenye mkeka, na magongo yake mawili madogo yameegemea ukuta kama watu wanaosubiri aamke. Naandika kwa simu, mkikuta makosa mnisamehe. Shule niliishia darasa la saba.

Leo kichwa changu kiko mbali. Kiko ndani ya mguu wa mwanangu.

Kwa mnaofika hapa mara ya kwanza, Shani ana miaka mitano. Mwaka jana alianguka akavunjika mguu chini ya goti, kidonda kikatunga usaha mpaka kwenye mfupa. Madaktari wakakata kipande kilichooza. Kidonda kimepona, lakini ukitazama picha ya eksirei unaona pengo, urefu wa kidole changu cha mwisho. Mfupa juu, mfupa chini, katikati hamna kitu. Chuma ndicho kinachoushikilia mguu.

Jumatano daktari alituita, mimi na baba Shani. Alisema siku hizi pengo kama lile linaweza kuoteshwa mfupa mpya. Wanachukua uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, wenye seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, wanaziweka kwenye pengo na chengachenga ngumu za kuzishikilia. Halafu wanaongeza vichocheo vya ukuaji, vitu vya mwilini vinavyoziambia seli: hapa, jengeni mfupa. Akasema matumaini yapo, ila hawezi kuahidi. Tumpe jibu Jumatatu, na nesi wake akatupa namba ya simu tukiwa na swali. Tukikubali, nitaweka sahihi.

Baba Shani anafanya kazi ya ujenzi kule Kwala. Tulipotoka nje akacheka peke yake.

"Yaani wanafunga jukwaa, wanaleta mafundi, halafu anakuja msimamizi anawaonyesha kazi ilipo. Mbona hii naielewa."

"Na mafundi wakikaa tu?"

"Mama Shani, hata Kwala wapo wanaoshinda kivulini. Ukuta unapanda hivyohivyo."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeng'ang'ania neno moja. Katikati ya maelezo yake daktari aligusia kwamba seli hizo zinapatikana hata kwenye damu ya kitovu cha mtoto. Baada ya hapo sikusikia tena kitu.

Kwa sababu kitovu cha Shani nakijua kilipo.

Kilipokatika, mama yangu alikizika nyuma ya nyumba yetu Kisarawe, akapanda mche wa mnazi juu yake. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mtoto na mnazi wake wanakua pamoja, na mtu akikuuliza kwenu wapi unasema pale kilipozikwa kitovu changu. Basi nikawaza, kumbe tuliweka akiba bila kujua. Daktari hatakuwa na haja ya kuzitafuta kwingine. Nitafukua, nitafunga kwenye kitambaa safi, nitampelekea.

Msinicheke sana. Kuuliza niliona haya.

Jana nikambeba Shani mgongoni, tukapanda daladala mpaka Kisarawe. Mama alikuwa anamenya muhogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akampokea mjukuu. Nikamweleza shida yangu na kumwomba jembe. Akaweka kisu chini.

"Zuhura mwanangu. Kitovu cha miaka mitano?"

"Ndiyo, mama."

"Kimeshakuwa mnazi hicho. Labda ukate kuti umpelekee daktari wako."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Shani naye akacheka, hajui anacheka nini. Mimi nikageuka nitazame mnazi. Umeshampita Shani kimo, makuti yake mapana, yanacheza na upepo wa mlimani. Nilitamani kulia na sikulia.

Mama ndiye aliyesema, "Si umpigie simu huyo nesi? Kuuliza hakuvunji mdomo." Nikapiga. Nesi hakucheka hata kidogo. Akanieleza kwamba damu ya kitovu huchukuliwa palepale mtoto anapozaliwa, na hata hivyo sisi hatuihitaji.

"Seli za Shani anazo mwenyewe, mama. Ziko kwenye nyonga yake. Tutazitoa akiwa usingizini."

Anazo mwenyewe.

Tangu jana neno hilo linazunguka kichwani kama wimbo. Nimembeba mgongoni kutoka Kibaha mpaka Kisarawe kutafuta kitu ambacho nilikuwa nimekibeba. Nikifumba macho naziona seli zile zimejikunyata ndani ya nyonga, hazina kazi, hazina jina, zinasubiri kuitwa. Naona pengo jeupe kama ua uliofagiliwa, na zenyewe zinaingia mojamoja, zinakaa, zinaanza kuwa mfupa. Njiani tukirudi Shani aliniuliza, "Mama, mfupa wangu ukiota utatoa makuti?" Nikamwambia utatoa mbio.

Lakini kuna jambo sijawahi kuliandika hapa, na leo nisipoliandika sitaliandika tena.

Shani alipovunjika, mama yangu alisema twende hospitali. Mimi ndiye niliyekataa. Niliogopa watamkata mguu. Nikampeleka kwa mzee wa kijiji cha jirani anayeunga mifupa, akamfunga vijiti na majani juu ya ngozi iliyochanika. Siku ya tatu nikasikia harufu. Nilijua ni harufu ya nini. Nikanyamaza, kwa sababu wazo lilikuwa langu. Nikanyamaza mpaka siku ya sita, mtoto anawaka homa.

Hospitali waliponiuliza amekaa nyumbani siku ngapi, nikasema mbili. Mpaka leo faili limeandikwa mbili. Baba Shani naye, aliyekuwa kambini Kwala wiki ile, anaamini mbili.

Daktari anataka kujenga juu ya ule mfupa. Anapaswa kujua ulikaa na usaha muda gani. Nimeolewa na mtu wa ujenzi, najua fundi akidanganywa kuhusu udongo kinachotokea.

Shani anajigeuza, karibu ataamka atake uji. Baba yake anarudi jioni, nitaanza na yeye. Na Jumatatu, kabla sijashika kalamu, nitamwambia daktari hazikuwa mbili. Zilikuwa sita.

Halafu ndipo nitaweka sahihi.